Saruji ya Nyumba ya Mama

Mtaani kwetu waliniita Simiti, na kwa miaka mingi jina hilo nililivaa kama koti la Jumapili. Jina langu la ubatizo ni Fidencio, lakini ukiuliza Fidencio kuanzia kona ya Plaza, uwanja wa kanisa, hadi daraja la mfereji, utaulizwa Fidencio yupi. Ukisema Simiti, hata mbwa watakupeleka mlangoni.

Jina lilianzia kwenye nyumba ya mama. Nyumba zetu za mtaa wa Molino ni za matofali ya udongo mbichi, yaliyokaushwa na jua tu, na udongo una matakwa yake. Mvua inaulamba, theluji inaulamba, na kila mwaka kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Isidori lazima ukandikwe upya. Kwetu kukandika ni kazi ya wanawake. Wanaume hufyatua matofali na kuinua boriti, kisha hukaa kivulini na kutoa maoni, nao akina mama hupanda ngazi na udongo uliochanganywa na mabua ya ngano, wakalainisha ukuta kwa kipande cha ngozi ya kondoo. Bingwa wao alikuwa mama yangu, Tranquilina. Ukuta wake ulikuwa laini kiasi kwamba wageni waliokuja kupiga picha Plaza walikuwa wakipotea njia makusudi, wakaja kuupapasa bila hata kupiga hodi.

Mimi niliona haya. Nasema ukweli wangu. Nilikuwa kijana mwenye ujuzi wa saruji, nimejifunzia jeshini, nimejenga mabwawa na ngazi za mahakama, halafu mama yangu wa miaka sitini yuko juu ya ngazi, tope hadi viwikoni, vidole vimepasuka mpaka vinatoa damu. Mwaka wa sitini na nane nikamwambia, "Mama, shuka. Hutakandika tena maisha yako yote."

Nikapigilia wavu wa waya wa banda la kuku kwenye kuta zote, nikapiga lipu ya saruji nyumba nzima, nene, ngumu, nikaipaka rangi ya udongo ili ifanane na nyingine. Nikamwaga na ujia wa saruji pembeni mwa ukuta asije akakanyaga matope. Mama aliizunguka nyumba yake, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akacheka. "Umenipumzisha, mwanangu," akasema. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimefunika nyumba kumi na moja, na akina mama wa Molino walikuwa wananibariki kila nikipita.

Mtu mmoja tu hakunibariki. Nazaria, binti wa mjomba wangu, ambaye mpaka leo anakandika kwa udongo na anaitwa kila mahali kwa kazi hiyo, alisimama barabarani mikono kiunoni akaniangalia nikimalizia kona ya mwisho.

"Simiti," akasema, "udongo unapumua. Umeuvika koti la mpira. Utatoa jasho humo ndani mpaka uoze."

"Wivu tu huo," nikamjibu. "Unaogopa ngazi yako itakosa kazi."

"Haya. Mimi sina haraka."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba nyufa zote za mtaa mzima, na nililala usingizi mnono kwa miaka ishirini na sita.

Mwaka huu ninaousimulia, majira ya baridi yalikuwa marefu, theluji ikakaa juu ya mapaa hadi Aprili. Mama alikuwa na miaka themanini na sita. Moyo wake ulikuwa umechoka. Madaktari walisema hivyo hivyo tu, umechoka, wakamrudisha nyumbani na vidonge na maneno ya upole. Mama hakulia. Alipofika chumbani kwake alishika nguzo ya kitanda, akatuita mimi na dada yangu Delfina tusimame mbele yake kama watoto waliovunja sahani.

"Nilizaliwa ndani ya chumba hiki," akasema. "Ninyi wote mmezaliwa humu. Baba yenu amefia humu, upande ule wa dirisha. Na mimi nitafia humu. Sitaki hospitali, sitaki Albuquerque kwa Delfina, sitaki kwa Fidencio ambaye hajui hata kupika maharage. Humu. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Mama," tukasema.

"Niahidini."

Tukaahidi. Hilo ndilo pekee alilowahi kutuomba. Delfina akafunga nyumba yake ya mjini akahamia kwa mama, na mimi nikawa ninaenda kila asubuhi kumlisha uji wa mahindi ya bluu, vijiko vitano, sita akiwa na furaha.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa upande wa ukutani, bakuli mkononi, nikaegemea. Bega langu likahisi baridi. Nikageuka. Chokaa ya ndani ilikuwa imevimba karibu na sakafu, na chini yake kulikuwa na unga mweupe wa chumvi. Nikamaliza kumlisha mama huku natabasamu kama mpumbavu, kisha nikatoka nje, nikaenda kwenye kona ya chumba chake, nikagonga saruji yangu kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama pipa tupu.

Nikachukua nyundo na tindo, nikatoboa tundu chini, dogo la kuingiza mkono. Kitu kilichotoka humo sijui nikiiteje. Matofali yaliyowekwa na babu wa babu yangu yalitoka yakitiririka, tope jepesi, likamwagika juu ya ujia wangu. Nikaingiza mkono hadi kiwiko na sikugusa kitu kigumu. Maji yalikuwa yakiingia kwenye nyufa ndogo zisizoonekana, na mengine yakipanda kutoka ardhini chini ya ule ujia, na yote yakikosa pa kutokea. Saruji niliyompigia mama ili apumzike ilikuwa imekaa miaka ishirini na sita ikiitafuna nyumba yake.

Nikaliziba tundu kwa ubao, nikanawa mikono, nikaenda kwa Nazaria. Nilimkuta anachekecha udongo uani kwake.

"Hee! Simiti amekuja kwangu kwa miguu yake," akasema. "Nani amekufa?"

"Bado," nikasema. "Njoo uone."

Alikuja, akatoa ubao, akachungulia. Akagonga hapa, akagonga pale, akafuata ukuta mpaka dirishani. Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru. Badala yake akasema kwa sauti ya chini ili isimfikie mama, "Ukuta haupo, Fidencio. Ni saruji yako imesimama peke yake, na boriti za paa zimeikalia."

Hapo nilipomsikia akiniita Fidencio ndipo nilipoogopa hasa.

"Tuibandue," nikasema.

"Ukiibandua inaanguka."

"Basi tuiache."

"Ukiiacha inaanguka. Labda mwezi huu, labda mvua za Julai. Anaweza kuwa amelala." Akapangusa mikono yake kwenye aproni. "Kuna njia moja, nayo si ya uhakika. Tuegemeze boriti kwa ndani. Kisha tufungue chini kidogo kidogo, kipande cha hatua mbili, tutoe tope, tujaze mawe, tusubiri kikauke, ndipo kipande kingine. Lakini huwezi kufanya hivyo mtu akiwa kitandani upande wa pili. Mtoe shangazi."

Mtoe shangazi! Rahisi kusema. Delfina alijaribu kwanza, kwa upole, na mama akajifanya amelala. Nilijaribu mimi.

"Mama, ukuta una unyevu kidogo. Siku chache tu uhamie chumba cha mbele."

"Chumba cha mbele nimezaliwa humo?"

"Hapana, Mama."

"Basi."

"Ukuta unaweza kuanguka."

Aliniangalia kwa macho yake yale madogo, akaupapasa ukuta kwa kiganja. "Ukuta wa Fidencio huo," akasema. "Utanivumilia. Siku zangu zenyewe si nyingi."

Delfina alinivuta jikoni. "Mbebe umtoe kwa nguvu! Wewe si mwanamume? Unangoja nini?"

"Mbebe wewe. Si uliahidi na wewe?"

"Mimi sikuupiga huo ukuta saruji!"

Alipoona uso wangu alijuta, akageukia jiko, akaanza kukoroga sufuria isiyo na kitu ndani. Mchuma janga hula na wa kwao.

Nikaingiza mbao nne chumbani, nikaziweka chini ya boriti, nikamwambia mama kwamba dari inahitaji nguvu. Hakuuliza. Alizitundikia skafu yake na rozari. Kwa wiki tatu nikawa nashinda pale, nasikiliza. Kila kilichodondoka kilinishtua. Wakati mwingine nilisikia ndani ya ukuta kitu kinateleza, taratibu, kisha kimya, na mama ananiuliza kwa nini nimeacha kutafuna. Sijawahi kuwa na mikono miwili isiyo na kazi namna ile. Nilikuwa fundi, na jambo pekee nililoweza kuifanyia nyumba ya mama ni kutoigusa.

Ikakaribia tarehe kumi na tano Mei, sikukuu ya Isidori, inapotolewa sanamu ya mtakatifu kanisani, ikazungushwa Plaza, kisha ikapelekwa kwenye mfereji mkuu kubariki maji. Mama hajawahi kuikosa. Alisema mwenyewe anataka kwenda kumuaga mtakatifu. Mimi na Nazaria tukatazamana juu ya kichwa chake. Tungekuwa na saa tatu, labda nne, za kufanya kazi. Zilitosha kwa kipande kimoja, kile cha kona, kilichokuwa kibaya zaidi.

Asubuhi ile Delfina alimvisha gauni la bluu, tukamkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Mlangoni akanishika mkono wa shati.

"Wewe huji?"

"Nina kazi kidogo, Mama."

"Siku ya mtakatifu?"

"Kidogo tu."

"Nirudi saa ngapi?"

"Kabla ya chakula utakuwa kitandani kwako," nikasema.

Wakaondoka. Nikawatazama mpaka wakakunja kona, Delfina akisukuma kiti juu ya mawe ya barabara na mama akimwelekeza apite wapi. Nazaria alikuwa ameshaleta mawe na toroli. Akafanya ishara ya msalaba, nami nikapiga nyundo.

Tulikwenda vizuri. Nalisema hilo kwa sababu watu baadaye walitaka kujua nani alikosea. Tulifungua hatua mbili tu, kama alivyosema. Tope likatoka, tukalichota. Nazaria akapanga mawe matatu, makubwa, yamekaa sawa. Kutoka Plaza tulisikia fidla na gitaa zikianza, na wimbo wa Isidori, na mimi kwa mara ya kwanza tangu Aprili nikafikiri kwamba huenda tukaweza.

Kisha bamba la saruji juu ya tundu likajisogeza. Kiasi cha unene wa kidole.

"Waya," Nazaria akasema. "Uliusuka vipi huu waya?"

Niliusuka vizuri, hiyo ndiyo habari yake. Mafundi wengine huweka vipande vipande. Mimi, kwa kuwa ilikuwa nyumba ya mama, nilifunga kila kipande kwa kipande kingine, fundo baada ya fundo, kuzunguka ukuta wote. Bamba la kona lilipoanza kushuka likalivuta la pili, la pili likavuta la dirishani. Niliweka bega. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, mzee wa miaka hamsini na tatu, nikaiambia saruji yangu, "Subiri, subiri." Nazaria alinishika mkanda wa suruali kwa nyuma akaniburuta kama gunia. Ukuta ukashuka wote kwa pamoja. Haukupiga hata kishindo. Ulitoa pumzi ndefu, vumbi na maji, ukalala barabarani.

Vumbi lilipotulia, chumba cha mama kilikuwa wazi. Mbao zangu nne zilikuwa bado zimeshika paa, mbili zimeinama. Kitanda kilikuwa pale pale, kimetandikwa, blanketi la kijani limekunjwa miguuni, skafu na rozari zinaning'inia, glasi ya maji juu ya stuli imejaa vile vile. Jua lilikuwa linapiga juu ya mto wake. Sijawahi kuona jua ndani ya chumba kile.

Watu wakaanza kutoka upande wa Plaza. Wa kwanza walikuwa wageni, mume na mke wenye kofia mpya. Mume akainua kamera.

"Shusha hiyo!" nikapiga kelele. "Ni chumba cha kulala cha mama yangu! Huna mama wewe?"

Nazaria alivua aproni yake, akatanua mikono, akasimama mbele ya kitanda ili asionekane. Mwanamke mfupi vile, angeziba nini?

Nikakimbia nikutane na mama kabla hajafika. Nilichelewa. Kiti kilikuwa kimeshakunja kona. Delfina alisimama ghafla, mkono mdomoni. Mama aliendelea kutazama mbele, ua moja la karatasi la mtakatifu mapajani mwake. Alitazama kitanda chake, kisha paa, kisha tope barabarani, kisha mimi niliyejaa tope hilo kuanzia kichwani.

Nikapiga magoti. "Mama, ni mimi. Ni saruji. Imeozesha ukuta tangu siku ile, sikujua, naapa sikujua."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Harufu. Nilianza kuisikia mwaka aliokufa baba yako." Baba alikufa mwaka wa sabini na tano. "Ukuta mkavu haunuki hivyo. Nimekandika miaka arobaini, Fidencio. Unadhani sijui udongo uliolowa?"

Delfina akalia kwa sauti. Mimi nikauliza, "Kwa nini hukusema, Mama? Miaka yote hiyo! Tungeubandua, tungeokoa..."

"Ulikuwa umefurahi mno," akasema. "Ulikuwa unawaleta watu waje kuuona."

Ningependa anipige. Ningependa aniite Simiti, kwa kejeli, kama wote. Aliinamia upande, akanipangusa tope jichoni kwa kidole gumba, kisha akashika mikono ya kiti, akaanza kujiinua.

"Nisaidie nipande kitandani," akasema.

"Mama, haiwezekani. Paa linaanguka. Tazama zile mbao."

Ilikuwa kweli. Ubao mmoja ulikuwa unateleza huku tunauangalia, na mchanga ulidondoka kutoka kwenye boriti juu ya mto. Nazaria aliondoka mbele ya kitanda taratibu, akarudi nyuma hatua moja, ya pili, akitikisa kichwa.

"Nimechoka, mwanangu. Nataka kulala."

"Utalala kwangu, Mama. Nitakutandikia."

"Uliahidi." Hakusema kwa hasira. Alisimama, kweli alisimama, miguu yake mwenyewe, akaegemea kifua changu, mwepesi, gauni la bluu likinuka ubani wa kanisani. Watu walikuwa wamejaa barabara nzima. Akatazama kitanda chake juu ya bega langu, akashusha sauti, kama mtu anayemwomba mkubwa wake ruhusa.

"Basi niache nusu saa tu, Fidencio. Huenda ikatosha."

Nilimshika mikono yote miwili, nikakataa.